MIKONO KUMI YA POMBE

Karatasi ya Ijumaa. Ukiisha kuisoma, mpe jirani yako. Usiitupe chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na akamfanya mwenye kuulizwa juu ya akili hiyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Leo karatasi hii haikuja kukuambia kwamba pombe ni haramu. Hilo unalijua. Mtoto wa madrasa ambaye bado anajifunza alif na be analijua. Tumekuja na swali jingine: ikiwa sisi wote tunalijua, mbona pombe ina nguvu kiasi hiki katika mji wetu wa Goma? Na mbona mlevi anatoka hata katika nyumba zetu, nyumba ambazo asubuhi husikika Kur'ani?

Sababu mojawapo ni kwamba tumezoea kuiona pombe kwa sura ya mtu mmoja tu. Ukisikia neno pombe, macho yako yanamuona yule anayeyumba jioni kule Birere, suruali imejaa vumbi jeusi la volkano, watoto wanamfuata wakimcheka. Unasema: huyo ndiye pombe, mimi simo. Kisha unaendelea na safari yako.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuiona hivyo.

1. WATU KUMI

Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi katika jambo la pombe. Nao ni hawa: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeimimina, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa.

Hesabu vizuri, ndugu yangu. Katika watu hawa kumi, anayekunywa ni mmoja. Wengine tisa wanaweza wasiionje hata tone moja maishani mwao. Wanaweza kuwa na udhu wakati wote. Mmoja wao anaweza kuwa amekaa safu ya kwanza leo, nyuma ya imamu. Lakini mikono yao imeshika chupa kabla haijafika mdomoni mwa yule wa Birere.

Basi tuipitie mikono hii, kila mmoja ajitafute. Na usimtafute jirani yako, jitafute mwenyewe.

2. MKONO UNAOTENGENEZA

Katika nchi yetu ya Kivu, pombe haikuja na meli ya mzungu. Kasiksi ya ndizi ni ya zamani. Mgomba ulipandwa nyuma ya nyumba, ndizi zikaivishwa, zikakamuliwa, na jirani akaitwa. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanaiita urwagwa. Kwa wazee wetu wengi ilikuwa kinywaji cha siku maalumu: mavuno, ndoa, upatanisho wa koo mbili zilizogombana. Tunalisema hili kwa sababu ni haki kusema ukweli, na kwa sababu hata Waarabu wa Makka na Madina walikuwa hivyo hivyo. Pombe ilikuwa katika mashairi yao, katika ukarimu wao na katika biashara yao. Kur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, inakubali kwamba mna manufaa kwa watu, kisha inasema kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Mwenyezi Mungu hakuwadanganya watu kwamba hakuna faida yoyote. Aliwaonyesha mizani.

Lakini kinachopikwa leo pembezoni mwa mji si kasiksi peke yake. Ni kanyanga. Na wengi wanaoipika ni akina mama. Mama amekimbia Masisi au Rutshuru, ameacha shamba, mume amekufa au hajulikani alipo, ana watoto watano chini ya hema. Hana mtaji wa kuuza nguo. Pipa, kuni na mahindi anaweza kuvipata. Tukimlaani mama huyu bila kuuliza watoto wake watakula nini, tumefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Hata hivyo hatari lazima isemwe. Pombe za vichochoroni hazina anayezipima. Muuzaji mmoja mwenye tamaa akiongeza spiriti ya viwandani ili iwe kali, mtu anapofuka macho au anakufa kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe ya namna hiyo. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa Goma, waragi yenye sumu iliua makumi ya watu. Hawa si watu wa mbali. Wengine ni ndugu wa jirani zako.

Kwa hiyo, ewe mwenye mali, unapogawa zaka na sadaka yako, mkumbuke mama wa pipa. Mtaji mdogo wa makala, wa sambaza, wa unga au wa maharagwe unaweza kuuzima moto wa kanyanga ambao mahubiri mia moja hayakuuzima.

3. MKONO UNAOBEBA

Wengi katika jumuiya yetu ni watu wa barabara: madereva, makuli, wenye malori, vijana wa pikipiki, vijana wa chukudu. Na dereva husema: mimi nabeba tu. Kreti ni kreti, iwe ya soda au ya bia.

Ndugu yangu dereva, wewe unaijua barabara kuliko mwandishi wa karatasi hii. Unajua nani anasimamisha lori na kwa nini. Mwaka 2013 watafiti wawili, Jason Miklian na Peer Schouten, waliandika katika jarida la Foreign Policy jinsi bia inavyofika kila kona ya mashariki ya Kongo hata pale ambapo dawa na vitabu havifiki. Walieleza kuwa malori ya bia yalikuwa yakilipa njiani kwenye vizuizi vya wenye silaha, wakiwemo M23 ambao wakati ule walishika Rutshuru. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki Goma akinywa ili asahau vita, sehemu ya pesa aliyolipa ilikwenda kwenye vita hivyo hivyo. Alikuwa akinunua usahaulifu wake kwa kuwalipa wale wanaomnyima usingizi.

Na ulipofika mwaka 2025, baada ya Goma kuchukuliwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, ghala za bia za Bukavu ziliporwa. Mwezi wa Juni mwaka huo kampuni ya Heineken ya Uholanzi, ambayo Bralima ilikuwa mali yake, ilitangaza kwamba imepoteza mamlaka juu ya mali zake kule na imewaondoa wafanyakazi wake. Kiwanda kinaweza kusimama. Kiu haisimami kwa sababu kiwanda kimesimama. Itatafuta dumu jingine na mbebaji mwingine. Ndiyo maana mbebaji ametajwa katika wale kumi.

4. MKONO UNAOUZA, UNAOMIMINA NA UNAOKULA THAMANI

Tunafika mahali pagumu. Wewe mwenye nyumba, una chumba kinachotazama barabara. Anakuja mtu, anataka kufungua nganda. Anakupa kodi ya miezi sita mkononi, kwa dola. Fundi wa cherehani aliyekuja jana aliomba alipe kidogo kidogo. Unampa nani?

Wako Waislamu katika mji huu waliompa yule wa kwanza, kisha wakaja msikitini kuswali. Hatuwataji. Wanajijua. Muziki wa chumba kile unawafikia watoto wao wakiwa kitandani. Hawakuuza, hawakumimina, hawakunywa. Wamekula thamani tu. Na Mtume (s.a.w.) amewataja katika wale kumi.

Kisha mtazame anayemimina. Mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na minane, au chini ya hapo, ambaye mshahara wake ni kile wateja wanachomwachia. Kazi yake haiishi kwenye kumimina, na wewe unalijua hilo. Ni binti wa mtu. Akipata mimba au maradhi, hakuna mteja atakayekumbuka jina lake.

Jambo hili la watu kula thamani ya ulevi wa wengine si la Goma peke yake. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi, kule Afrika Kusini, kwa vizazi vingi mabwana wa mashamba waliwalipa wafanyakazi wao sehemu ya ujira kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi. Ukaitwa mfumo wa dop. Mfanyakazi alilewa, hakuweza kuondoka, hakuweza kudai haki, na bwana akapata soko la mvinyo mbovu. Sheria ilikuja kuupiga marufuku, lakini hadi leo eneo lile linatajwa miongoni mwa maeneo ya dunia yenye watoto wengi zaidi waliozaliwa na akili na viungo vilivyoharibiwa na pombe iliyonywewa na mama zao wakati wa mimba. Babu alilipwa mvinyo, mjukuu anashindwa kusoma. Pombe haimalizi deni lake kwa mtu mmoja.

Na serikali je? Serikali za nchi nyingi, na yetu haikukosa, hupata kodi nene kutokana na bia. Ndiyo maana utasikia tangazo la bia mara nyingi kuliko tangazo la chanjo.

5. MKONO UNAONUNUA NA ANAYENUNULIWA

Hapa ndipo desturi ilipokaa.

Ukipeleka posa katika familia nyingi za hapa, kreti za bia zimo katika orodha ya mahari pamoja na mbuzi na kitenge cha mama mkwe. Ukifiwa, watu wanakuja matanga, na usiku wa pili mtu ananong'ona: wageni wamekauka. Ukisimamishwa njiani, unayesimamishwa naye hasemi nataka rushwa, anasema nipatie ya bia. Ukifika wakati wa uchaguzi, mgombea anafungua nganda kwa saa mbili, kijana anakunywa chupa mbili na anauza miaka mitano. Ukimaliza masomo, ukipata kazi, ukinunua pikipiki, wenzako wanasema: tunyweshe. Usipowanywesha, wewe ni mchoyo.

Desturi hii ina historia. Zamani za Wabelgiji, Mkongo alikatazwa pombe kali ambayo mzungu aliinywa hadharani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeiwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na watawala wakaugeuza kuwa sheria ya ngozi: hiki cha bwana, hiki cha mtumishi. Bia ya Primus ilitengenezwa Léopoldville kuanzia mwaka 1926. Chupa ikawa alama. Kukaa mezani, bia ya chupa mbele yako, kulimaanisha kwamba wewe si mshenzi tena, umestaarabika. Hata Patrice Lumumba, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1960, alifanya kazi katika kampuni ya bia kule Léopoldville, akaitembeza bia ya Polar mtaa kwa mtaa, na huko akajulikana na watu. Hatusemi hili kumvunjia heshima. Tunasema ili ujue kwamba nchi yetu ilizaliwa chupa ikiwa mezani.

Basi sasa tuulizane sisi. Siku ya harusi ya Kiislamu, mbele ya nyumba kuna pilau, soda na kasida. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kuna meza nyingine, ya wageni wa kazini, ya marafiki wa bwana harusi, ya wajomba upande wa mama wasio Waislamu. Baba mwenye nyumba anasema: mimi sikununua, wamekuja nazo. Lakini kreti imepita mlangoni kwake, na barafu imetoka katika friji yake.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye kuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Hakusema kunywa tu. Alisema kukaa. Kwa nini? Kwa sababu meza inafundisha. Kijana wako wa miaka kumi na tano aliyekwenda nyuma ya turubai kupeleka barafu amejifunza kwamba dini ina mbele na ina nyuma.

Usiogope kuambiwa mchoyo. Wapo jirani zetu Wakristo wanaotutangulia katika jambo hili. Wafuasi wa Simon Kimbangu, kanisa lililoanzia Nkamba mwaka 1921, hawanywi pombe, na harusi zao zinafanyika, matanga yao yanafanyika, na wageni wanashiba. Walokole wengi wa hapa Goma ni hivyo hivyo. Mgeni anaheshimiwa kwa uso mkunjufu na chakula cha moto. Kama urafiki wake unakufa pasipo chupa, ulikuwa urafiki wa chupa.

6. MKONO UNAOKUNYWA

Sasa tumefika kwa yule mmoja. Tumemweka mwisho makusudi, kwa sababu kila siku tunamweka mwanzo.

Ni nani huyu? Usifikiri ni mtu asiyemjua Mungu. Ni kijana aliyekimbia vita mara nne. Ni baba ambaye nyumba yake ilifunikwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, akajenga tena, na mwezi wa Mei 2021 akakimbia tena. Ni askari anayeota maiti. Ni mama aliyefanyiwa unyama njiani akienda shambani na hakuna aliyemuuliza habari. Ni mwalimu ambaye hakulipwa. Alianza kidogo ili alale usingizi. Mwanzo yeye aliishika pombe. Baadaye pombe ikamshika yeye.

Kuna wanaosema: Uislamu unaita hiyo dhambi, madaktari wanaita ugonjwa, basi lipi kweli? Ndugu yangu, yote mawili. Mtu aliyejitia moto kwa mkono wake amekosa, na pia ameungua. Kosa linahitaji toba, jeraha linahitaji dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilieleza kwamba pombe ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na kwamba watu wapatao milioni 400 walikuwa na matatizo ya kiafya ya ulevi. Mwaka 2023 shirika hilo hilo lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Kile ambacho dunia imekifikia kwa darubini na hesabu, Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ilikwisha kutuambia tujiepushe nacho, ikataja na sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki kati yetu kwa pombe na kamari, na kutuzuia na kumkumbuka Mungu na sala. Tazama: sababu ya kwanza iliyotajwa ni uadui kati ya watu. Muulize mke wa mlevi kama aya hiyo inahitaji tafsiri. Yeye huisoma mgongoni mwake.

Na sasa sikiliza jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya mtu mmoja wa Madina jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Mtu huyu alikuwa akinywa, akaletwa akaadhibiwa, akarudia, akaletwa tena. Siku moja mtu katika waliokuwepo akamlaani, akishangaa ni mara ngapi analetwa. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika habari nyingine, watu walipomtukana mnywaji, aliwaambia wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Je, hadithi hii inapingana na ile ya watu kumi? Hapana. Wanavyuoni wameeleza: kukilaani kitendo na wanaokitenda kwa jumla ni jambo moja, kumlaani fulani mwana wa fulani aliye mbele yako ni jambo jingine. Kwa kitendo Mtume alikuwa mkali kama upanga. Kwa mtu aliacha mlango wazi. Sisi tumefanya kinyume chake. Kitendo tumekizoea, tunakipangisha, tunakibeba, tunakiwekea barafu. Na mtu tunamfungia mlango.

KHUTBA YA PILI: MKONO WA KUMI NA MOJA

Ndugu zangu, kuna watu wanaosema: serikali ipige marufuku, yataisha. Sheria ina kazi yake. Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali za vifuko, tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019, kwa sababu kifuko cha bei ndogo kilikuwa kinaingia hata katika mifuko ya wanafunzi. Rwanda imeihesabu kanyanga pamoja na dawa za kulevya. Hayo ni mema. Lakini Marekani ilipiga marufuku pombe yote katika nchi nzima mwaka 1920, ikaweka polisi, ikaweka magereza, na mwaka 1933 ikairudisha. Sheria ilikuwa mitaani, haikuwa nyoyoni.

Linganisha na Madina. Mwenyezi Mungu hakuanza na amri. Kwanza mizani ya Suratul Baqara. Kisha katika Suratun Nisaa, aya ya 43, wakakatazwa kuisogelea sala hali wamelewa. Na kwa kuwa sala ni tano kwa siku, muda wa kunywa ukawa mfupi. Kisha ndipo likaja katazo la mwisho la Suratul Maida. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba lau kama jambo la kwanza kuteremka lingekuwa kuacha pombe, watu wangekataa, zilitangulia aya za Pepo na Moto mpaka nyoyo zikatulia. Anas bin Malik, ambaye ndiye aliyetupokelea hadithi ya watu kumi, alikuwa siku ile kijana akiwamiminia watu nyumbani kwa Abu Talha. Yeye mwenyewe alikuwa mkono wa sita. Mpiga mbiu akasikika njiani kwamba pombe imeharamishwa. Abu Talha akamwambia atoke akaimwage, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Hakukuwa na polisi. Waliacha pamoja, siku moja, mtaa mzima, kila mmoja akimuona mwenzake akimwaga. Hakuna aliyeachwa aache peke yake.

Hata Marekani walikuja kuligundua hilo kwa njia yao. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, walevi wawili, mmoja daktari, walianza kukutana ili kila mmoja amzuie mwenzake. Katika mkutano wao hakuna anayemcheka mwenzake. Leo mikutano hiyo imeenea nchi nyingi duniani. Je, hawa wakutane katika vyumba vyao, na sisi wenye msikiti unaofunguliwa mara tano kwa siku tushindwe?

Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na mtu wa Sham aliyekuwa akimjia. Akamkosa. Akauliza, akaambiwa: amezama katika pombe. Umar, mkali yule unayemjua, hakutuma askari. Alimwandikia barua, ndani yake mwanzo wa Suratu Ghafir, mahali panapomtaja Mungu kuwa msamehevu wa dhambi na mkali wa kuadhibu. Akawaomba waliokuwepo wamuombee. Mtu yule akawa anaisoma barua na kulia mpaka akaacha. Huo ndio mkono wa kumi na moja: mkono ulioandika barua.

Basi yafuatayo tunakuomba uyafanye, kila mtu kwa mkono wake:

Kwanza, mwenye nyumba iliyopangishwa kwa nganda, mkataba ukiisha usiurudie. Atakayepata hasara kwa ajili hiyo aje aongee na wazee, watamtafutia mpangaji.

Pili, mwenye harusi, meza iwe moja. Waambie wageni mapema, kwa adabu, kabla ya kadi kutoka.

Tatu, mwenye lori, anza kutafuta mzigo mwingine. Mwenyezi Mungu ndiye Mtoa riziki, naye anajua kwamba una watoto.

Nne, mwenye ndugu mlevi, usimfiche kama maiti. Siku akiwa na akili timamu, kaa naye. Usimsute mbele ya watoto wake. Nenda naye Magharibi, rudi naye baada ya Isha, kwa sababu saa hiyo ndiyo saa ya nganda. Siku akianguka tena, nenda tena.

Tano, na hili ni la uhai: aliyekunywa sana kwa miaka mingi asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege na kufa. Mpeleke kwa daktari aache kwa uangalizi. Hapa Goma, kituo cha Tulizo Letu cha watawa wa Kikatoliki kimekuwa kikipokea wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Kutafuta dawa kwa jirani asiye wa dini yako si aibu. Aibu ni kumzika kijana ambaye angepona.

Sita, mlevi mwenyewe, kama karatasi hii imekufikia: usiseme siwezi kuingia msikitini, mimi ni mchafu. Njoo ukiwa hujanywa, hata kama ulikunywa jana. Yule Abdullah wa Madina alikuwa akinywa na alikuwa akimpenda Mtume. Penda, uache, na ukianguka, tubu, uanze tena. Mlango wa toba haufungwi mpaka roho ifike kooni.

Na ukimuona huyo ndugu yetu safu ya mwisho Ijumaa ijayo, usigeuke kumtazama mara mbili. Msogelee, bega kwa bega, kama unavyosogea kwa mwingine yeyote.

Ewe Mola wetu, tusamehe yale ambayo mikono yetu imeshika tukijua na tusiyoyajua. Waponye waliofungwa na kileo, uwape subira wake zao na watoto wao. Wape akina mama wa makambi riziki ya halali inayowatosha. Uulinde mji wetu na moto wa chini na moto wa bunduki, na urudishe amani Kivu yote, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Umsalie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu awarehemu.